Barua kwa mwanangu: nani atakusainia?

Newala, Jumatano usiku

Mwanangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo. Bibi yako analalamikia jicho la kushoto, lakini anakula vizuri na anakuulizia kila siku. Mama yako alinizuia nisikuandikie Jumapili kwa kuwa nilikuwa na hasira, nikangoja. Hasira zimeisha. Kilichobaki ni wasiwasi, na huo hautaisha mpaka unijibu.

Naandika kwa mkono, mdogo wako atapiga picha kurasa hizi akutumie kwa WhatsApp, maana barua ya posta haitakukuta hapo. Zisome zote. Una tabia ya kusoma mwanzo na mwisho ukaruka katikati.

Nimeambiwa na mama yako kwamba Jumatatu unapanda treni kwenda Dodoma kuanza kazi mpya. Hukuniambia wewe. Katika nyumba hii ni mimi peke yangu ninayejua urari ni kitu gani na mizania ni kitu gani, halafu habari ya kazi yako ya uhasibu nimeipata jikoni, mama yako akichambua mchele. Nadhani najua kwa nini hukunipigia. Ulijua nitakuuliza nini. Basi nakuuliza hapa hapa: huko Dodoma nani atakusainia?

Mshahara nimeusikia, laki nane na chumba cha kulala. Cheo pia nimekisikia, Mhasibu Mkuu. Mama yako amelitamka hilo jina mara tatu, na furaha yake naielewa, kwani hapo ulipo, ofisi ya ukaguzi Dar, unapewa posho ya laki mbili na nusu, nauli ya kila siku kutoka Mbagala inaimega, na kama si baba yako mkubwa kukupa chakula na malazi ungekuwa umesharudi nyumbani. Hayo sijayasahau. Lakini kampuni yenyewe ni nyumba ya wageni na maduka mawili ya vifaa vya ujenzi. Chini yako kuna keshia na mtunza stoo. Juu yako kuna mwenye mali, basi. Sasa huo ukuu ni wa nani, mwanangu? Mwenye mali ni mfanyabiashara, anajua kununua na kuuza, Mungu amzidishie. Siku utakayompelekea daftari lako la mafunzo atie saini, atatia bila kinyongo. Bodi ya wahasibu na wakaguzi, wanaosajili wahasibu, watauliza: huyu aliyesaini, namba yake ya usajili ni ipi?

Kanuni hii sikuisoma mahali, nimeitoa kinywani mwako. Kufaulu mitihani yote ya Bodi ni nusu ya safari, ulisema, na nusu ya pili ni miaka 3 ya kazi ya uhasibu yenyewe chini ya mtu ambaye tayari amesajiliwa, anayeiona kazi yako na kuweka saini yake kwamba kweli umeifanya. Kabla ya hapo wewe ni mhasibu mhitimu. Nililishika neno hilo, mhitimu, kwa sababu ulilisema ukiwa umenuna.

Hapa mtaani wameshaanza kukuita CPA, jina la mhasibu aliyekwisha kusajiliwa na Bodi. Tangu majibu ya mitihani ya Novemba yatoke, nikipita msikitini naulizwa, "Baba CPA, hujambo?" Nimewakataza. Mama yako ameniona mtu wa kijicho, baba gani anawakataza watu wasimsifu mwanawe. Si hivyo. Sheria ya wahasibu na wakaguzi ipo tangu mwaka 1972, nayo inakataza mtu kujitangaza kwa cheo ambacho hajasajiliwa nacho. Sitaki jina hilo likuzoee kabla hujalipata, kisha uanze kuliandika kwenye barua za maombi ya kazi. Umeliandika kwenye barua ya Dodoma? Nijibu na hilo.

Isije ukadhani sikufurahi. Usiku ule wa majibu sikulala. Nilitoa lile sanduku la vyeti nikavipanga vyote juu ya meza, cha msingi, cha kidato cha nne, cha sita, cha Taasisi ya Uhasibu hapo Mtwara, nikaacha nafasi pembeni. Mitihani ile inafanyika Mei na Novemba, na wewe umeifanya ukiwa unaamka saa kumi alfajiri kuwahi gari, unarudi usiku, unasomea kwenye simu. Mimi nisingeweza. Nakwambia ujue.

Ndiyo maana nauma kidole kuona unaiacha ofisi ya ukaguzi baada ya miezi 8 tu. Najua bosi wako ni mgumu. Anakutuma fotokopi, anakutuma kununua chai, na kila ukimpelekea daftari anasema weka hapo nitaliona. Umemweleza mama yako kwamba kwa miezi yote hiyo amesaini kurasa za miezi 2 tu. Hili limenikosesha usingizi kuliko Dodoma yenyewe. Kumbe hata miezi uliyoifanya chini ya mtu aliyesajiliwa bado iko mikononi mwake! Wewe unaijua korosho. Mkulima ameokota, ameanika, amebeba mpaka ghalani, mzani umepima, lakini kama hana stakabadhi iliyosainiwa, mnada utapita, wenzake watalipwa, yeye atabaki anaeleza. Wapo watu wazima nimewaona wakilia hapo chama cha msingi kwa ajili ya karatasi moja. Ile miezi 6 isiyosainiwa iko ghalani na huna stakabadhi.

Kwa hiyo kesho Alhamisi, na Ijumaa, fanya hivi. Usimngoje bosi wako akuite. Kaa usiku uandike kila kazi uliyofanya katika hiyo miezi 6, mteja gani (kwa aina tu, si jina, siri za wateja si zako), ulihesabu mali ghalani lini, ulilinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki za miezi gani, ulipitia hati za malipo ngapi, ulikuta kosa gani na ulimwambia nani. Ukiandika "nilisaidia ukaguzi" hakuna mtu atakayekumbuka ulichofanya, hata wewe. Andika tarehe. Kisha uingie ofisini kwake asubuhi kabla wateja hawajafika, umwamkie, umwombe kwa adabu, usimame hapo hapo mpaka asaini. Ukiona anakuzungusha, mwombe yule mkaguzi mwandamizi wa kike uliyesema anakupenda, naye si amesajiliwa? Yeye ndiye uliyekuwa ukitoka naye kwenda kwa wateja, huenda anaijua kazi yako kuliko bosi.

Na usiondoke kwa ugomvi. Aga. Hata kama alikutuma chai. Mtu uliyefanya kazi chini yake utamhitaji tena baada ya miaka 2 au 3, Bodi wakitaka kuuliza jambo, na hutaki aseme "yule binti aliyeondoka bila kuaga."

Sasa kuhusu ile miaka 2 ya duka la jumla hapo Mtwara. Najua unanihesabia. Hujawahi kusema, lakini mwaka jana ulipoambiwa kwamba haiingii kwenye hesabu, ulinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Ulikuwa unapiga hesabu za kontena zima, kodi, mishahara, michango ya NSSF, kila tarehe 20 unahangaika na ritani za VAT, na hakuna mhasibu hata mmoja aliyesajiliwa katika jengo lile wa kuandika mstari mmoja kukuhusu. Ada ya mdogo wako ya chuo cha uuguzi ililipika. Hilo ni kweli na litabaki kuwa kweli. Aliyesema "chukua hiyo hiyo, kazi ni kazi" unamjua, na leo ndiye anayekuandikia kukwambia usichukue. Naona aibu kidogo kuiandika sentensi hii, ila nimeiandika kwa kalamu na siifuti.

Mdogo wako anamaliza mwaka huu. Ada yake iliyobaki ni yangu, nimeshaongea na chama. Usiniambie kwamba unakwenda Dodoma kwa ajili yake.

Kuna jambo la mwaka 1991. Alikuja kwetu mhasibu mmoja kutoka Dar es Salaam, amesajiliwa, mtu mkimya, akakaa miezi michache kunyoosha vitabu vya chama kikuu cha ushirika, nilikokuwa nikifanya kazi. Alipokuwa anahamia Lindi aliniita akaniambia, njoo ukae chini yangu, anza mitihani, nitakusimamia. Mimi nilikuwa nimetoka kozi ya Chuo cha Ushirika Moshi, naona najua kila kitu, na nilikuwa ndani ya kuezeka nyumba. Nikamwambia mwakani. Bati nilizokuwa naezeka ndizo hizi zinazovuja juu ya kichwa changu sasa hivi. Yaliyofuata baada ya punguzo la wafanyakazi unayajua, sina haja ya kuyarudia. Ila unajua nilivyotembea na barua yangu ya utumishi, yenye miaka mingi ndani yake, na kila ofisi wakaniuliza swali lile lile: ulikuwa chini ya nani? Waliokuwa juu yangu kwa miaka hiyo yote walikuwa mameneja. Watu wema baadhi yao. Hakuna aliyekuwa mhasibu.

Ndiyo maana narudia mpaka unaniona mzee anayechosha. Nani atakusainia?

Sikukatazi kwenda Dodoma. Hili mama yako alitaka liwe juu ya barua, nimeliweka hapa. Una miaka 26 na nauli umelipa mwenyewe. Ninachokataa ni kwenda bila kuuliza. Mwenye mali unaweza kumpigia leo hii, kabla hujatia saini mkataba, ukamuuliza kwa heshima: mzee, hesabu zako za mwaka zinaandaliwa na nani? Kampuni ikipeleka ritani ya mwaka kwa Mamlaka ya Mapato, hesabu zake zinapaswa kuthibitishwa na CPA, kwa hiyo kuna mtu aliyesajiliwa ambaye tayari anaingia na kutoka kwenye vitabu vile. Ni nani? Anakuja mara ngapi? Kama anakuja wiki 2 kwa mwaka kusaini na kuondoka, huyo si msimamizi wako, hakuoni ukifanya kazi. Lakini kama mwenye mali atakubali awe anakuja kila mwezi kupitia kazi yako, akusahihishe, mkae mezani pamoja, hapo pana la kuzungumza. Ukilipata hilo, usiliamini kwa mdomo. Waandikie Bodi uwaulize kama usimamizi wa namna hiyo wataukubali, na jibu liwe la maandishi. Ofisi yao ya Mtaa wa Bibi Titi Mohamed hapo Dar unaweza kufika Ijumaa mchana, ni karibu na unakofanyia kazi, na watu wanaokaa kaunta kazi yao ni kujibu maswali kama hayo. Usione haya kuonekana hujui. Wewe una haya za mama yako mahali pasipotakiwa.

Na kama mwenye mali atasema hana muda wa hayo, fikiri tena. Dodoma siku hizi imejaa ofisi za serikali, wizara na mashirika, na kila mahali pana idara ya fedha yenye watu waliosajiliwa. Angalia matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, Mhasibu Daraja la Pili, wanatangaza. Mtoto wa shangazi yako alianza kwa kujitolea halmashauri, akalinyenyekea dawati la mweka hazina mwaka mzima, watu wakamcheka kwamba ana digrii na anapewa hela ya nauli. Mweka hazina yule amesajiliwa. Kila mwisho wa mwezi alikuwa anasaini. Leo yule mtoto anasubiri jina lake litoke Bodi. Najua hupendi nikufananishe naye, ila sijapata mfano mwingine ulio karibu.

Ukikaa usaili mahali popote, wakishamaliza wakakuuliza "una swali?", usiulize mshahara kwanza. Uliza mkuu wa idara ya fedha ni nani na kama amesajiliwa. Mwajiri mzuri hatakasirika. Akikasirika umeshajua jambo moja kumhusu.

Jambo jingine ambalo mama yako halijui na wewe huenda hujalifikiria. Mhasibu Mkuu akiwa peke yake, siku maofisa wa kodi wakiingia wakakuta risiti za EFD, ile mashine ya kodi, haziendani na mauzo, au michango ya wafanyakazi haijapelekwa, mwenye mali atanyoosha kidole kwa nani? Cheo kile kikubwa ndicho kitakachoandikwa kwenye karatasi. Mtu anayejifunza anatakiwa awe na mtu wa kukosea mbele yake. Mimi nilijifunzia makosa yangu peke yangu, na moja liligharimu msimu mzima wa watu wa vijiji vitatu, nilijumlisha mara mbili deni la pembejeo. Lilirekebishwa baadaye. Lakini wako waliouza mbuzi kabla halijarekebishwa.

Sina la kukuficha, laki nane ni fedha. Usiku nimekaa na kalamu nikapiga hesabu yako. Ukibaki hapo Dar kwa posho ile miaka 2 na miezi 4 iliyobaki, bosi akawa anasaini kila mwezi, unamaliza ukiwa na miaka 28 na kitu. Ukienda Dodoma bila msimamizi ukakaa miaka 3, unatoka na akiba, labda na kiwanja, lakini una miezi 8 ile ile, kama imesainiwa. Nimeipiga mara mbili ikaja vile vile. Ikiwa posho haikutoshi, niambie mimi. Gunia mbili za mbaazi naweza kuuza, na korosho zikienda vizuri Oktoba nitaweza kukutumia elfu hamsini kila mwezi bila mtu yeyote hapa kulala njaa. Baba yako mkubwa nimeshampigia, anasema chumba ni chako mpaka uolewe.

Habari za hapa. Mvua zimekuwa nzuri lakini tangi la simenti limepata ufa upande wa mwembe, maji yanapungua kila asubuhi kwa kina cha vidole vinne, nasi unajua maji ya Newala yalivyo. Fundi anataka elfu sitini. Mfereji wa bati nao umeachia misumari, nusu ya maji yanamwagika nje ya tangi. Mdogo wako amepanda kuutengeneza akavunja bati jingine. Palizi ya mikorosho ya kule bondeni bado, vibarua wamepanda bei. Mbuzi mweusi kazaa pacha, mmoja dhaifu.

Bibi yako tunataka kumpeleka Ndanda mwezi ujao wakaliangalie hilo jicho, wanasema huenda ni mtoto wa jicho na linatibika. Anakataa, anasema anataka kwanza akuone. Usimwambie kwamba unahama, atasema Dodoma ni mbali na atakataa hospitali moja kwa moja. Mpigie kesho jioni, umwambie akubali.

Ule ufunguo mdogo wa sanduku la vyeti nadhani uko kwako, ulitumia mwisho wewe wakati wa Idi. Vyeti nilivitoa kwa kuvunja kufuli, sasa sanduku halifungiki na panya wapo. Mpe baba yako mkubwa ufunguo, kuna mtu anakuja Newala Jumamosi na gari la usiku, nami nitanunua kufuli linalolingana nao kama lipo.

Nipigie kabla ya Jumatatu. Si meseji, nipigie. Nitakaa na simu sehemu ya mwembe ambako mtandao unashika, kuanzia saa moja jioni. Uje na jina la mtu mmoja na namba yake ya usajili.

Mama yako anasema umebakiza sweta lako la buluu hapa, na Dodoma asubuhi pana baridi ya upepo. Tulitume?

Baba yako